Shimo Lisilo na Ndege

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka paroasi, kanisani kwetu, ameshika karatasi, anarukaruka mlangoni hata viatu hajavua. Siku ya posho, yaani Jumamosi, akasema, watoto wote wanaoandaliwa kupokea komunyo ya kwanza wanakwenda mafungo, siku nzima ya sala huko mashambani, na kila mmoja aje na chakula chake. Nikamuuliza wapi. Akaniambia. Nikamuuliza tena: ni kilimani au ni bondeni? Kuna upepo? Mtakaa kwenye viti au chini? Mtoto akanitazama, akamgeukia mama yake, wakacheka wote wawili. Koko, yaani bibi, amezeeka, wakasema, sasa anauliza mpaka habari za upepo.

Wacha wacheke. Mimi nikajifanya nachambua maharagi. Wewe, rafiki yangu, kaa hapa kidogo. Kuna mafungo niliyoyaandaa mimi mwenyewe nikiwa na miaka kumi na kitu, na sijawahi kuyasimulia yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Leo najisikia kuyasimulia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wakitawala. Goma ulikuwa mji mdogo wa kuzunguka kwa miguu asubuhi moja ukamaliza. Wazungu walikaa kule karibu na ziwa na maua yao, sisi tulikaa Birere juu ya mawe meusi, mawe yaleyale yaliyokula viatu na magoti ya watoto wote niliokua nao. Baba alikuwa seremala, mama alishona nguo. Nyumba yetu ilinuka mbao na mafuta ya cherehani, na kuanzia saa kumi jioni ilinuka maharagi. Tulikuwa watu wa Butembo. Tulikuja Goma kutafuta maisha, na kama wageni wote tulidhani nchi ni nchi tu, ukijua udongo wa kwenu unajua na wa wengine.

Nyumbani kwetu aliishi pia msichana wa umri wangu, mtoto wa mfugaji mmoja wa Masisi aliyejuana na baba kwa sababu ya mbao. Mama yake alikuwa amekufa. Mzee yule alimleta akiwa na mkeka na vikwembe viwili vya kujifunga, akamkalisha mbele ya mama yangu, akasema, "Huyu ndiye peke niko naye. Mumuchunge, asome." Mama akasema tutamchunga. Basi tukalala mkeka mmoja, tukala sahani moja, na mtu akimuuliza mama ana wasichana wangapi, alituhesabu wote wawili.

Mwenzangu alikuwa mpole wa ajabu. Mimi nilikuwa domo. Hata leo wewe unajua, nikianza kusema, sufuria inaungua. Yeye alisema kwa macho na mikono, na alicheka bila kutoa sauti, mabega yakitikisika tu. Tulipokuwa tukilala alinifundisha kusema kwa vidole: huyu ni masere, hii ni njaa, hii ni njoo, hii ni nyamaza mama anakuja. Masere ndivyo tulivyomwita mtawa aliyetufundisha, Mzungu mwembamba mwenye viatu vikubwa, mkali lakini si mbaya. Alitupenda, hilo siwezi kulikana.

Mwaka ule tulikuwa wasichana kama thelathini wa kupokea komunyo. Masere alisema kabla ya kumpokea Yesu lazima mtu ajue kunyamaza, na kwa hiyo tutafanya mafungo ya siku moja nje ya mji, bila kusema neno kuanzia asubuhi mpaka jioni. Na kama tunavyojifunza kusoma kwa kusoma, tutajifunza kunyamaza kwa kunyamaza. Akaleta kibao kidogo chenye kamba. Ikipigwa kengele ya kimya, mtoto atakayefungua mdomo anavishwa kibao shingoni. Ukivishwa mara tatu, jina lako linafutwa, unangoja mwaka mwingine.

Ole wangu. Wiki ya kwanza tu nilivishwa mara mbili. Mara ya kwanza nilisema "pole" kwa mtoto aliyejikwaa. Mara ya pili hata sikumbuki, pengine nilikuwa nasema peke yangu. Nilirudi nyumbani nikilia, na mama hakunibembeleza. Alikuwa ameshanunua amerikani nyeupe ya kutosha nguo mbili, akakopa muda wa usiku kuzishona baada ya kazi za watu, na baba alikuwa amewaandikia ndugu wa Butembo waje. Alinitazama juu ya cherehani akasema, "Ukinifedhehesha mbele ya ndugu wa baba yako, hiyo nguo nitamvalisha mbuzi." Ndipo nikaapa. Nilijibana hata usingizini. Mwenzangu alinibana pia: kila kengele ilipolia alinishika mkono chini ya meza, akifinya kidogo kila alipoona midomo yangu inaanza kuchezacheza.

Kuandaa mafungo ilikuwa raha, nisikudanganye. Kila mtoto alileta kitu: huyu viazi vitamu, huyu ndizi, huyu chumvi kwenye jani. Tulikaa barazani pa masere tukichambua maharagi, mawe huku, mbovu huku, na mlio wa maharagi yakianguka kwenye karai bado naupenda. Tulifunga kuni, tuliosha masufuria kwa majivu, tulijifunza nyimbo mbili ambazo tungeziimba mwishoni kimya kikishafunguliwa. Wengi hatukuwa tumewahi kutoka nje ya mji. Kwetu ilikuwa safari ya ulimwengu wa pili.

Mkatekista, mwalimu wa dini, ndiye aliyetumwa kutafuta mahali. Alikuwa kijana wa upande wetu wa Butembo, mrefu, mwenye sauti nzuri, hajamaliza hata mwaka Goma. Alichukua njia ya Sake, akazunguka huko upande wa ziwa dogo la Lac Vert, akarudi amefurahi. Alisimama mbele yetu akatueleza. Kuna shimo pana, akasema, kama bakuli, katikati ya mawe, na ndani yake majani mabichi kuliko mahali pote ingawa ni kiangazi. Hakuna shamba, hakuna njia ya watu, hakuna mbuzi. Hakuna hata ndege wa kutupigia kelele. Masere akapiga makofi mara moja, akasema Mungu ametuwekea mahali pake pa kimya. Nasi tukafurahi.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja muuza makala, makaa ya kupikia, mzaliwa wa huko huko njia ya Sake. Jioni alipita kutuuzia makala, akamkuta mama anapima nguo nyeupe mwilini mwetu, akauliza sherehe ya nini. Nikamweleza kila kitu, si unanijua. Nilipofika kwenye shimo lisilo na ndege, yule mama alitua kikapu chini.

"Huko kuna mazuku," alisema. "Ni pepo inalala chini, kwenye mashimo. Hauioni, hainuke. Inauwa mbuzi, inauwa mutu. Muende na moto, muweke moto chini mbele yenu. Moto ikikatala, na weye ukatale."

Mama alimshukuru kwa adabu, akalipa makala. Alipoondoka, mama akakata uzi kwa meno akasema kwao Butembo mtu ameishi mpaka mvi na hajaona mtu akifa kwa kukaa shimoni. Haya ni mambo ya mapepo ya watu wa hapa, akasema, na masere akisikia watoto wangu wanaleta mapepo katika mafungo ya komunyo, atauliza walijifunza nini katekisimu nzima. Akanishika sikio, si kwa nguvu. "Usiyapeleke haya kule." Simlaumu mama. Mgeni hujifunza nchi kwa kuumia, na tulikuwa hatujaumia bado. Ila mimi, maneno ya yule mama yalinikaa kifuani, na mwenzangu alipokuwa akikunja nguo yake niliona naye ameacha kukunja, anautazama mlango.

Siku moja kabla ya mafungo walichaguliwa wasichana wanne kutangulia na mkatekista kupasafisha mahali: wawili wa kupika na kujaribu mafiga, wawili wa kufagia na kupanga mawe ya kukalia. Mimi na mwenzangu tulikuwa wa kufagia. Masere alitusindikiza mpaka getini alfajiri, akapiga kengele. Hata kazi ya maandalizi, akasema, ifanywe kwa kimya, ili mahali papate baraka. Kibao akampa mkatekista, akakitia mfukoni. Mimi nilikuwa nimebakiza mara moja tu.

Kamyo, lori la mizigo, ilitushusha barabarani, tukapanda kwa miguu. Niliupenda ule mwendo na niliuogopa. Wingu lilikuwa limekaa chini, hakuna jani lililotikisika, jasho halikauki. Mwanzoni kulikuwa na ndege, wengi hata. Kisha nikagundua nasikia pumzi zetu na kigae cha moto nilichobeba, makala yakipasuka ndani yake, basi. Mkatekista alitabasamu, akaonyesha kwa mkono: hapa.

Lilikuwa zuri lile shimo. Ukiliona ungetaka kulala ndani yake. Majani yalikuwa marefu, laini, ya kijani kibichi mno. Wapishi wawili walibaki juu ukingoni na masufuria. Mkatekista naye alibaki juu, akiandika mahali altare itakapokaa. Sisi tukateremka na mafagio, nikiwa na kigae changu kwa ajili ya kuchoma takataka.

Karibu na jiwe la kwanza nilikuta vipepeo, wengi, wamelala kama waliomwagwa. Halafu ndege mdogo. Halafu panya. Nikasikia miguu inapata joto, na pua inawasha kama soda inapokupanda puani. Niliinama kuweka kigae chini. Makala yalikuwa mekundu mkononi mwangu. Nilipoyatua yakawa ya kijivu, hivi hivi, kama mtu aliyeyafunika. Nikakiinua kigae, nikapanda hatua chache, nikapuliza: wekundu ukarudi. Nikashuka, nikatua tena. Yakafa.

Nilijua. Nataka uelewe hilo, kwa sababu watu wote walioniliwaza baadaye waliniambia mtoto hakuweza kujua. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Moto umekataa.

Nikamtazama mwenzangu. Alikuwa mbele yangu, chini zaidi, anafagia ameinama, na alikuwa mfupi kuliko mimi. Alisimama akashika kichwa. Kisha akakaa juu ya jiwe, akanigeukia, akaniita kwa vidole. Njoo.

Lilikuwa neno moja tu. Toka. Ningesema neno moja, angeinuka, bado alikuwa na nguvu za kuinuka. Lakini nilimwona mkatekista ukingoni, mkono umeelekea mfuko wenye kibao, au nilidhani umeelekea. Nikaona nguo nyeupe. Nikaona ndugu wa baba wakishuka kutoka kwenye kamyo ya Butembo na mama amejifunika uso. Nikajiambia nitapanda, nitamwonyesha mkatekista makala yaliyokufa, atafahamu mwenyewe, sitakuwa nimesema kitu. Nikainua kigae kumwonyesha mwenzangu kwamba nakwenda mara moja. Na nikaenda.

Mkatekista aliyatazama makala. Angejuaje? Kwao na kwetu makala yanazimika kwa uvivu wa mtoto. Akakunja uso, akaonyesha kwa kidole mahali pa wapishi: kachukue mengine. Nami, rafiki yangu, nilikwenda kuchukua mengine. Nilingoja mpishi achague makala mazuri kwa vijiti. Nilimshukuru kwa kichwa. Nilitembea polepole nisiyamwage.

Niliporudi ukingoni alikuwa amelala ubavu, shavu kwenye majani, ufagio mkononi. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka, ukafunguka kweli. Waliosikia wanasema barabarani walinisikia. Mkatekista alitupa karatasi akateremka mbio, akainama kumwinua, akapiga goti, akainuka, akapiga goti tena, akamvuta kwa mkono mmoja huku anatapika. Alimtoa. Ni mwanaume, nitamheshimu mpaka kufa. Tulimpepea, tukammwagia maji yote ya kupikia, mchunga mbuzi mmoja alikuja kutoka barabarani akamsugua kifua. Aliposikia tulikuwa shimoni alishika kichwa akatuuliza kwa nini hatukuuliza watu. Mwenzangu hakufungua macho.

Mafungo hayakufanyika. Alizikwa kesho yake na nguo yake nyeupe, ile ambayo mama alikuwa bado hajaishona kola. Masere alilia mbele yetu sisi sote, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, na mkatekista aliondoka Goma kabla ya mvua. Kwangu hakuna aliyekuja na kibao. Nilikingoja. Siku kadhaa nilikaa darasani na shingo nimeinyoosha, nikitaka wanivishe, hata mara kumi, mbele ya watu wote. Hawakunivisha. Jumapili iliyofuata nilipokea komunyo, ndugu wa Butembo wakisema nimependeza.

Baba yake mwenzangu alifika siku ya tano, kwa miguu, fimbo mkononi na koti jeusi. Alikaa kwenye kiti uani, akakataa chakula, akakataa maji. Mama alipiga magoti mbele yake. Mzee hakumgombeza. Alitutazama wote polepole, kisha akaniita mimi, kwa sababu alikuwa ameambiwa nilikuwa naye shimoni.

"Mutoto yangu alisema nini, mwisho?"

Nikasema, "Hakusema kitu, papa. Tulikuwa kimya."

"Kimya ya kusali?"

Nilimtazama mama. Nikatazama mikono yake yule mzee, mikubwa, ikishika fimbo. "Ndiyo, papa."

Akafumba macho. "Basi ni vizuri," akasema. "Alikufa anasali." Akanishika kichwani kunibariki.

Nilidhani yamekwisha. Baada ya miezi akaja Goma kuuza ng'ombe, akapita kwetu na kibuyu cha maziwa. Akamwambia mama maziwa ni ya yule mutoto aliyekaa na mutoto wake mpaka mwisho. Mama akanisukuma mgongoni, nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa mbele yake kama adabu inavyotaka. Yalikuwa matamu, yananuka moshi. Akaja tena. Akawa anakuja kila alipoleta ng'ombe, miaka kadhaa, akiniita mutoto yangu, akiniuliza masomo. Kila niliposikia fimbo yake kwenye mawe nilikuwa nimeshapanga namna ya kuanza: papa, aliniita. Papa, aliniita kwa mkono na mimi nilikwenda zangu. Kila mara nilikunywa.

Halafu uhuru ukaja, na baada yake mambo yakaharibika kule Masisi. Barabara zikafungwa, watu wakaanza kushuka na magodoro kichwani. Niliwauliza wengi, hakuna aliyekuwa na habari zake. Hakuja tena. Mama amekufa, masere alirudi kwao, muuza makala alikufa, na upande wa Lac Vert sasa kuna nyumba mpaka kwenye mawe. Hata ningetaka kukuonyesha shimo lenyewe nisingeliona.

Padri nilimwambia, nikiwa nimeshaolewa. Alinipa Salamu Maria kumi, akasema nilikuwa mtoto, nisijitese. Nikazisali, hazikusaidia. Padri hakuwa mtu wa kuambiwa. Mtu wa kuambiwa alikuwa mmoja tu, na kila mara alikuwa amekaa mbele yangu uani, mita moja hivi, akingoja nimalize maziwa ili arudi na kibuyu chake.